Dema Kwenye Kiti cha Nyuma

Nilimwambia mume wangu kitu kimoja tu. Sikutaja rangi ya gari wala umri wake, sikutaka redio wala kiyoyozi. Nilimwambia, ukienda kuchagua gari, nenda na dema. Yeye akaenda na kamba.

Kamba yenyewe ilikuwa ya katani. Aliifunga fundo huku na fundo huku, na urefu uliobaki katikati ndio ulikuwa upana wa dema langu. Alipima sebuleni asubuhi, amevaa shati la kutokea, ameinama kwa uangalifu ili dema lisimguse suruali. Nikamuuliza kwa nini ahangaike na kamba wakati dema lenyewe hili hapa, si zito, hata mgonjwa analibeba. Akasema kipimo ni kipimo. Wifi yangu, dada yake anayeishi nasi, akaniangalia kwa pembe ya jicho. Sote wawili tulijua kinachomsumbua. Dema linanuka samaki, na kule kwenye yadi ya magari kuna watu wanaomfahamu.

Kwa asiyelijua, dema ni mtego wa samaki, kama kapu kubwa la mianzi lililofunikwa pande zote. Lina mdomo mmoja unaoanza mpana na kuishia mwembamba ndani, samaki anaingia kwa raha zake kisha haoni alipoingilia. Mimi nayasuka mwenyewe. Nasuka kuta zake moja moja, halafu nazishona pamoja kwa uzi wa nailoni, na nikishamaliza kushona, dema halikunjiki wala halibonyei. Nayatega kwenye bwawa kubwa nje ya mji. Hayawezi kukaa majini siku zote, mianzi inaoza, na huwezi kuyaacha ukingoni yakauke, wezi hawana aibu. Kwa hiyo kila safari kuna yanayokwenda kutegwa na kuna yanayorudi nyumbani kukauka.

Miaka yote hiyo nilikuwa nabebwa na jirani yetu, Mzee wa Pikapu. Tulitoka pamoja alfajiri, mimi na madema yangu, yeye na madumu yake ya maziwa. Kisha macho yake yakachoka na barabara, akaiuza pikapu, akaenda kuishi kwa mwanawe. Nikaanza kudandia magari ya watu, leo hili kesho lile, na nikaanza kuchelewa kwenye jiko la hospitali ninakouza samaki.

Jiko lile ndilo kazi yangu. Mpishi mkuu wa pale ni mwanamke asiyecheka ovyo, na mara ya pili nilipofika sufuria zimeshaepuliwa alinivuta kando. Aliniambia samaki wangu hana ugomvi nao, lakini wagonjwa wake hawawezi kungoja, na nikiendelea hivi ataagiza samaki wa barafu na habari itaishia hapo. Hakusema kwa ukali. Ukali ningeuweza. Nilirudi nyumbani nikijua sina pengine pa kuuza, kwa maana sokoni meza zilishagawanywa zamani na hakuna mtu ambaye angesogea kunipisha.

Ndipo tukakubaliana kununua gari. Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Mji mzima unamwita Mwalimu, na hata mimi nimezoea kumwita hivyo. Amemfundisha muuza nyama, amemfundisha mkunga, amemfundisha mpaka jirani aliyewahi kumtukana hadharani. Wifi alipokuja kuishi nasi alimfundisha pia, jioni jioni kwenye uwanja wa mpira. Mimi hakunifundisha. Kila nilipogusia, alisema nina hasira, na barabara haitaki mtu wa hasira. Alisema huku anacheka, na wageni wakiwepo nao walicheka, na mimi nilikwenda jikoni kuosha vyombo kwa kelele.

Kwenye suala la mafuta hatukugombana. Wote tulitaka gari lisilokula. Kwa wiki nzima hatukupata mlo bila kuelezwa gari lipi linakula kiasi gani, injini ipi inanusa tu na ipi inakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Mwalimu alikuwa amefurahi, nami sikutaka kumkatiza, maana gari ni fani yake. Nilichoomba ni dema liingie na mlango ufungwe.

Alirudi na kigari cha bluu.

Siwezi kusema uongo, kilikuwa kizuri. Kilikuwa kimenyooka, kinang'aa, kina taa zilizochongoka kama macho ya mtu anayejishaua. Majirani walitoka. Muuza nyama alikizunguka na kusema, Mwalimu sasa umekuwa mtu. Mwalimu akafungua boneti, akafunga boneti, akafungua tena. Mimi nikaingia ndani, nikatoka na dema, nikalisogeza kwenye mlango wa nyuma.

Likagoma. Ndani palikuwa na nafasi, viti vikilazwa kulikuwa na uwanja mzima mle, lakini mlango wenyewe ulikuwa umebanwa huku na huku, mdomo mdogo wenye tumbo kubwa. Nikalilaza, likagoma. Nikalisimamisha, likagoma. Mwalimu akasema ligeuze kidogo, nikaligeuza, na ubavu wa dema ukakwaruza rangi. Ungesikia alivyovuta pumzi ungedhani nimemchoma mtoto wake. Alitema mate kwenye kitambaa akaanza kusugua ile alama, majirani wanatazama, dema langu liko chini kwenye vumbi.

Nilimuuliza kamba ilikuwa ya nini. Akakuna kichwa. Akasema alipima ndani, mlango hakuufikiria, binadamu hukosea. Alisema kwa unyenyekevu, ameinamisha uso, na mimi, pamoja na mdomo wangu wote, nikamhurumia. Nikajisemea huyu mtu amekosea tu kama ambavyo yeyote angekosea, anapima chumba anasahau mlango. Nilikwenda kulala nimekasirika lakini nimesamehe nusu.

Kesho yake akaja na wazo. Kwa kuwa madema yanaanza na kuta zilizo bapa, kwa nini nisizibebe zikiwa bapa, nikazishona kule kule bwawani? Aliona amevumbua kitu. Nilimweleza kwamba kushona dema moja ni kazi ya asubuhi nzima, kwamba ukishona na kufumua kila safari uzi unakula mianzi na matundu yanapanuka, kwamba samaki watafika jikoni wagonjwa wameshakula na kulala. Akasema nijaribu kwanza kabla ya kukataa. Wifi akasema jaribu tu, ili kesho usiambiwe ulikataa. Nikajaribu.

Siku hiyo mvua ilinyesha. Tulifika bwawani na kuta za dema zimelala nyuma, na matone yakaanza kuanguka makubwa makubwa. Wavuvi wenzangu wakakimbilia kibanda cha mlinzi, Mwalimu akakimbilia huko huko, akaniachia gari. Nikaingia nyuma, nikakaa sakafuni, nikatoa sindano na uzi nikaanza kushona. Mimi nikiwa na hasira nashona vizuri sana. Nilishona nikimfikiria mpishi na sufuria zake, nikifikiria taa zilizochongoka, nikifikiria kitambaa na mate. Nilivuta kila fundo mpaka mianzi ikalia. Dema likainuka likapata umbo, likajaa nyuma ya gari kutoka ukuta hadi ukuta, nami nikajikuta nimesukumwa mpaka mgongoni mwa kiti cha mbele. Mvua ikakatika. Nikapenya kwa mlango wa pembeni, nikazunguka, nikafungua wa nyuma, nikavuta.

Sihitaji kusema kilichotokea. Kilichoshindwa kuingia kitatokaje?

Mwalimu alikuja akitembea kwa kuchagua pa kukanyaga, akachungulia, akanitazama, akachungulia tena. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe lililolowa na ile suruali yake. Akawaita wale waliokuwa kibandani. "Njooni muone," akasema, "mke wangu amelitega gari." Wakaja wote, wakacheka wote, hata mlinzi ambaye kwa kawaida hacheki bila kuambiwa. Kosa lilikuwa langu, sikatai. Lakini lile gari halikuwa langu, wala lile wazo, wala ile mvua, na bado aliyekuwa anachekwa ni mimi.

Alipochoka kucheka akaomba panga kwa mlinzi. Akasema tulikate dema tutoke, tutasuka jingine. Alisema tutasuka.

Nataka ieleweke kwamba dema lile lingetoka bila panga. Ukifumua mshono wa ubavu mmoja tu, mafundo machache ambayo mimi nayajua yalipo, kuta zinalala na dema linatoka limekunjwa kama mkeka. Ningeweza kulitoa pale pale mvua ikidondoka kwenye majani. Nilimtazama na panga lake mkononi, nikamwambia hakuna anayekata kitu, dema linarudi nyumbani lilivyo. Sikumwambia habari ya mshono, na yeye hakuniuliza. Tulirudi, ubavu wa dema unanikwaruza shingo, yeye anapiga mluzi.

Kwa siku kadhaa gari lilikaa uani limefunikwa shuka, na dema ndani yake likaanza kunuka vizuri. Mwalimu alikwenda kazini kwa miguu. Mimi nilidandia magari nikiwa na madema mawili badala ya manne, nikapeleka samaki pungufu, na mpishi mkuu akahesabu kwa macho.

Siku ya mapumziko ya wifi nilimwomba anipeleke yadi. Nilitaka kujua kama kuna namna ya kubadilisha, au hata fundi wa kutanua mlango, nilikuwa nimefika mahali pa kuuliza ujinga. Wifi akatoa shuka, akafungua madirisha yote, tukaenda.

Dalali wa pale ni rafiki wa Mwalimu wa siku nyingi, mtu wa maneno, mkono wake haukai. Alipoona dema limejaa kwenye vioo alishika kiuno. Nilimweleza kwa kifupi. Akatikisa kichwa, akacheka, lakini si kicheko cha kunidharau.

"Lakini shemeji," akasema, "si nilimwambia Mwalimu achukue Sanduku?"

Nikamuuliza sanduku gani. Akatupeleka nyuma kabisa ya yadi, penye magari ambayo watu hawayaulizi. Kulikuwa na kigari cheupe cha mraba, uso wameugeuzia uzio, kimekwaruzwa ubavu mmoja, kina umbo la bati la biskuti. Dalali akashika kitasa cha nyuma, na nyuma yote ikafunguka, kuanzia paa mpaka sakafu. Sikuhitaji kamba kuona.

"Alikuja na kamba yake," dalali akaendelea. "Akaipima mlangoni mwa lile la bluu, fundo likakataa. Nikamleta hapa, akaipima, ikapita na nafasi ikabaki. Injini ni ile ile, shemeji, ulaji wa mafuta ni ule ule. Mimi mwenyewe nikamwambia, basi kazi imekwisha."

"Akasemaje?"

Dalali hapo ndipo alipogundua kwamba ameshasema mengi. Akatazama viatu vyake, kisha akatazama vya wifi. "Alisema hawezi kuonekana ndani ya sanduku."

Wifi alinishika mkono. Alifikiri nitampiga dalali. Dalali hakuwa na kosa. Nilikuwa nakumbuka Mwalimu alivyokuna kichwa. Alivyoinamisha uso. Binadamu hukosea. Na mimi nikamhurumia! Alipima mlango, akajua, akachagua, kisha akaja kuniomba msamaha wa kosa ambalo hakulifanya ili nisimuulize lile alilolifanya. Na bwawani akakaa kwenye jiwe akacheka.

Nilimuuliza dalali kama atakubali kubadilishana. Alisema lile la bluu lina watu wanaolililia, hata leo angepokea, Sanduku hakuna anayelitaka. Ila Mwalimu ndiye aliyelichukua, na Mwalimu mwenyewe ndiye wa kulirudisha. Nikasema sawa. Njia nzima wifi aliendesha polepole, hakuwasha redio.

Jioni Mwalimu alipokuwa anakula, nilichukua ile kamba kwenye msumari ilipokuwa imetundikwa, nikaiweka mezani kando ya sahani yake. Aliitazama, akatafuna, akaitazama tena, akaisukuma sahani. Wifi alikuwa mlangoni na sweta analolifuma mikononi.

"Umekwenda yadi," akasema.

"Nimeliona Sanduku."

Akanawa mikono. Alichukua muda mrefu kuifuta, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema maneno ambayo naamini yalikuwa ya kweli. Alisema kutwa nzima yumo ndani ya gari la watu, limechoka, lina kibao juu, kila anayepita anampigia honi. Wanafunzi wanamkanyagia klachi mpaka goti linamuuma kwa niaba ya gari. Alitaka kitu kimoja tu maishani ambacho akikaa ndani yake anajiona mtu.

Nilimwelewa. Kumwelewa hakukupunguza hasira yangu hata chembe. Nikamuuliza, na jiko la hospitali je?

"Nilijua utapata njia," akasema. "Wewe siku zote unapata njia."

Kama angenitukana ningeshukuru. Miaka yote nilidhani mtu akiona unavyohangaika kutafuta njia, anakuja kukushika mkono. Huyu aliona, akahesabu, akanunua gari la bluu kwa mahangaiko yangu. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo nadhani muuza nyama aliisikia. Nilimwambia pia kwamba gari lilinunuliwa kwa sababu ya samaki wangu, na nusu ya jasho lililomo ni langu.

Na yeye akakasirika sasa, maana mtu aliyefumaniwa hasira yake huwa iko karibu. "Mwisho wa yote anayeendesha ni mimi," akasema. "Nitakayeonekana kwenye usukani ni mimi. Anayeendesha ndiye anayechagua."

Nilivuta kiti nikakaa mbele yake.

"Basi nifundishe."

"Hilo tulishaliongea."

"Hatujawahi kuliongea," nikasema. "Uliliongea wewe."

Akaanza ule wimbo wake, kwamba nina hasira, kwamba barabara haitaki. Wifi akamkatiza kutoka mlangoni, bila kuinua macho kwenye sweta lake. "Kaka, mimi nilipojifunza nilikubomolea ukuta wa shule," akasema, "na hukuniambia nina nini."

Nikampa masharti yangu. Atanifundisha, kwenye gari lile lile la bluu, na dema litakaa humo humo mpaka siku nitakapoamua mimi. Kama hataki, ng'ambo ya barabara, kutazamana na shule yao ya udereva, kuna shule nyingine, na mwalimu wake ni mwanamke. Nitakwenda kujiandikisha pale, na akiniuliza mimi ni nani, nitamjibu kwa sauti. Mwalimu akakubali. Anajua mimi si mtu wa kutishia bure.

Tulianza kwenye uwanja wa mpira, watoto wakiwa wameshaondoka. Alifunga kibao cha mwanafunzi mbele na nyuma, akakaa kushoto kwangu, akafungua dirisha kwa sababu ya harufu. Akaniambia kabla ya chochote nirekebishe kioo cha ndani mpaka nione nyuma. Nikarekebisha. Akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona dema. Akasema basi tutumie vya pembeni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa nimepanga majibu, kama atasema hivi nitamwambia vile. Nikaachia klachi vibaya, gari likaruka kama mbuzi, likazima. Nikamgeukia, nangoja.

"Hakuna neno, mama," akasema. "Kila mtu anazima. Pumua kwanza. Achia taratibu, usikie gari linavyokuambia."

Sijawahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa pole, ilikuwa na subira, ilikuwa ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Nilizima mara nyingine, na nyingine tena, akasema yale yale kwa upole ule ule, na nilipofanikiwa kusogea hatua chache alisema vizuri sana, mama, umeona sasa. Hakuwa anaigiza. Ndiyo sauti yake ya kazini, imezoea, inatoka yenyewe mtu akikaa kwenye usukani.

Nikasimamisha gari katikati ya uwanja nikalia. Alidhani ni woga, akaanza kunituliza, na kadiri alivyonituliza ndivyo nilivyozidi kulia, kwa hasira tupu. Sauti ile ilikuwepo. Kumbe siku zote alikuwa nayo, anaamka nayo, anaibeba kwenda kazini, anampa muuza nyama, anampa jirani aliyemtukana, kisha anarudi nyumbani ameshaimaliza. Mimi nikipika, nikishona, nikiuliza kwa nini maji hayajaletwa, nilikuwa napewa iliyobaki. Sikumwambia. Nilifuta uso kwa kanga, nikawasha gari, nikamwambia tuendelee.

Tuliendelea. Jioni baada ya jioni tulizunguka uwanja ule, kisha tukatoka kwenye barabara ya vumbi, kisha ya lami. Nilijifunza kupanda kilima, kukata kona, kumpisha mtu na kutompisha. Kurudi nyuma alisema tutakuja baadaye, hiyo inataka utulivu. Watu walitucheka njiani, gari zuri la bluu lina dema nyuma na mwanamke amekunja uso mbele. Mwalimu mwanzoni alijishusha kwenye kiti kila tulipopita karibu na shule yao. Baadaye akazoea, au alichoka kujificha. Mpishi mkuu naye aliniambia amempa mtu wa samaki wa barafu jibu la ngoja kidogo, na kwamba ngoja hiyo si ndefu.

Siku niliposikia hivyo, jioni yake tulikuwa tunarudi kutoka barabara kubwa. Kwenye njia panda Mwalimu akasema kushoto, mama, twende nyumbani. Nikawasha taa ya kulia.

Akasema kwa ile sauti yake ya upole kwamba nimekosea upande. Nikamwambia sijakosea. Nikatazama kioo, nikamngoja mwenye baiskeli apite, nikakata kulia sawasawa kama alivyonifundisha. Aliiona yadi tukiwa bado mbali. Hakusema kushoto tena.

Nilisimama mbele ya dalali nikavuta breki ya mkono. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma wa lile la bluu, nikaingiza mkono mpaka begani nikatafuta mshono wa ubavu. Nilifumua fundo la kwanza, la pili, na yaliyofuata, nikavuta uzi ukatoka wote kwa mkupuo. Kuta za dema zikalala. Nikalitoa limekunjwa, nikalibeba mpaka nyuma ya yadi, nikaketi chini kwenye changarawe nyuma ya Sanduku nikalishona upya ule ubavu mmoja, Mwalimu na dalali wamesimama juu yangu kama watu waliokuja kuangalia ajali. Nilipomaliza nililiinua likiwa zima, nikalisukuma ndani ya Sanduku kwa mkono mmoja. Likateleza mpaka mwisho. Nikafunga mlango ukafungika.

Mwalimu alikuwa ameshika ule uzi wa zamani nilioutupa. Aliuzungusha kidoleni.

"Kumbe siku zote lilikuwa linafunguka," akasema.

"Na Sanduku siku zote lilikuwa linatosha."

Alimtazama dalali, dalali akatazama pembeni, na baada ya muda Mwalimu akatoa funguo za lile la bluu mfukoni, zile za akiba alizokuwa anatembea nazo, akamkabidhi. Alikwenda akalizunguka mara ya mwisho, akapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo. Nilimwona, na nilimwacha, kila mtu na msiba wake.

Dalali akaleta ufunguo wa Sanduku. Akaunyoosha kwa Mwalimu, kama ilivyo kawaida, na mimi nikauchukua kabla mkono wa Mwalimu haujainuka. Nikaingia, nikavuta kiti mbele, nikarekebisha kioo. Mwalimu akaja upande wa pili akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Akagonga dirisha kidogo, kwa kifundo cha kidole. Nikawasha injini nikamwacha asimame pale, na viatu vyake safi kwenye vumbi la yadi, dalali anatazama, vijana wa kuosha magari wanatazama. Sikuwa na haraka hata kidogo.

Kisha nikamfungulia. Mbele yangu kulikuwa na uzio, na kurudi nyuma alikuwa bado hajanifundisha.